Herufi za Kushikana Mikono

Mwajuma alinipigia simu asubuhi, nikiwa naosha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, jikoni kwangu Gihosha, juu ya Buja. Alisema maneno machache tu: "Tantine, Bibi ametutoka. Tunazika saa kumi." Nilijibu kwamba nakuja, nikakata simu, nikarudi kwenye karai na kuendelea kuosha ndagala zile ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata. Nina miaka sitini na sita. Huyo Bibi, ambaye mimi nilimwita Mama Zaituni tangu siku ya kwanza, amekufa akiwa na tisini na saba, kitandani mwake, Buyenzi, akili yake timamu. Mtu angeweza kusema kwamba hakuna cha kulilia. Lakini nilipokuwa nafunga kitambaa kichwani ili niteremke mjini, nilikifungua nikakifunga upya, kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka kumwuliza kwa miaka arobaini na mitano, na kila mwaka nilijiambia kwamba muda bado upo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa mwisho, nilipopelekwa kwake na rafiki aliyejua kwamba natafuta chumba. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mdarizi wa mashuka na vitambaa vya viti, anajulikana avenyu nzima. Nilimwona mzee sana. Leo nimempita kwa miaka kumi na minne, na bado nikimkumbuka alivyokuwa siku ile, ameketi barazani na duara lake la mbao mapajani, ninamwona ni mkubwa kuliko mimi. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaniuliza kama ni kweli nasomea kufundisha watoto kusoma. Nilisema ndiyo.

"Na mutu mukubwa, unaweza kumufundisha?"

"Naweza, Mama."

"Basi kodi sitaki. Chumba iko, chakula iko. We utanifundisha." Kisha akainua sindano hadi karibu na pua ili aone tundu lake. "Macho yangu inaanza kuondoka. Kuna kitu kimoja nataka kusoma mbele haiyaondoka kabisa."

Sikumwuliza ni kitu gani. Nilifikiri ni gazeti, au jina lake kwenye kitambulisho. Chumba alichonipa kilikuwa cha nyuma, kina kitanda cha chuma na dirisha linalotazama gereji ya jirani, ambako mafundi walipiga mabati tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Shuka lilikuwa limedariziwa maua ya zambarau. Ndani ya kabati kulikuwa na suruali mbili za kiume zimekunjwa vizuri, na Mama Zaituni alizichukua bila kusema kitu, akazipeleka chumbani kwake. Nyumba nzima ilinuka wanga wa muhogo aliokuwa akitumia kukazia vitambaa, na Ijumaa ilinuka pilau. Mimi ni Mkristo wa kutoka mlimani. Sikuwa nimewahi kula pilau kwa mkono, mkekani, kutoka sinia moja na mtu nisiye na udugu naye. Ijumaa ya kwanza alinisukumia kipande kikubwa cha nyama kwa kidole, akasema, "Kula, mutoto yangu, umekonda kama uzi." Nilikula nikiwa nimeinamisha uso asione machozi.

Mambo ya nyumba ile niliyajua kwa kusikia. Wateja wake walikuja kuchukua mashuka ya harusi, wakakaa barazani, na yeye alipoingia ndani kuleta chai waliongea kwa sauti ya chini, bila kujua kwamba niko nyuma ya pazia na vitabu vyangu. "Anamulaza mule mule mwa Yahaya," mmoja alisema. Mwenzake akamjibu, "Nyamaza. Jina ile haitajwi hapa." Kidogo kidogo nikaunganisha. Yahaya alikuwa mwanawe wa pekee. Alitaka kuoa msichana Mkristo, Anastazia, mama akakataa, wakagombana barabarani mbele ya watu wote wa avenyu, na mama akapaza sauti kwamba kuanzia leo hana mtoto. Kijana akaondoka kesho yake. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla mimi sijafika, na kwa miaka saba hiyo hakuna aliyethubutu kutamka jina la Yahaya mbele ya mama yake.

Tulianza masomo mwezi wa kwanza, kila siku baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anajua herufi za Kiarabu tangu utoto, alisoma Kurani yake vizuri, hivyo mara ya kwanza nilipoandika "mama" kwenye kaye, daftari lake jipya, alianza kutoka kulia na kusoma "amam", tukacheka mpaka fundi mmoja wa gereji akachungulia ukutani. Alijifunza upesi. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yeye, na nimefundisha miaka thelathini na minane. Kila herufi aliishika kama anavyoshika uzi, anaigeuza, anaifuata na kidole, haiachi. Kufikia mwezi wa nne alikuwa anasoma maneno mafupi kwenye mifuko ya unga na kwenye vibao vya maduka, na akirudi sokoni ananisimulia alichosoma njiani.

Mwezi huohuo alikwenda kwenye msiba wa jirani, akaniachia kazi ya kumpa mteja uzi wa buluu. Nyuzi alizihifadhi ndani ya bati la biskuti juu ya kabati lake. Chini kabisa, chini ya nyuzi, kulikuwa na bahasha iliyofunguliwa kwa uangalifu, na karatasi ndani yake ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Nilijua papo hapo kwamba ndicho kile kitu kimoja alichotaka kusoma. Ningeweza kuirudisha. Nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikaisoma.

Ilikuwa fupi, kwa mwandiko mzuri wa kuunganisha. "Mama, ni mimi Yahaya. Niko Uvira, kwa Mama Feruzi, nyuma ya soko. Nilikosea kukujibu vile mbele ya watu. Anastazia yuko na mimi. Najua utapata mtu wa kukusomea. Kama umenisamehe, njoo au tuma neno. Kama neno lako ni lile lile, usijibu. Nitaelewa, na sitakusumbua tena. Mwanao."

Uvira ni hapo tu. Unapita Gatumba, unavuka mpaka, na kabla jasho halijakauka umefika. Kwa miaka saba Yahaya alikuwa hapo akingoja neno, na kwa miaka saba Mama Zaituni alifungua karatasi ile, akatazama mistari ambayo hakuijua, akaikunja. Aliyekuwa akimsomea kila kitu nyumbani ni Yahaya mwenyewe, na mwandiko wake aliutambua kwa macho. Kuipeleka kwa mwingine kungekuwa kuwaambia watu wa avenyu kwamba bado ana mtoto, na kwamba kila siku anamfikiria. Hilo hakuliweza.

Mteja alipokuja nilimpa uzi wake. Mama Zaituni aliporudi nilimpikia chai ya tangawizi. Nilikuwa nimekusudia kumwambia jioni ile, kisha kesho, kisha Ijumaa. Nilijidanganya kwamba ninamwonea huruma, kwamba akijua ameiacha miaka saba moyo utapasuka. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikijua na sikutaka kukitazama. Kitanda kile kilikuwa cha Yahaya. Akirudi, mimi nitakwenda wapi? Nani tena ataniita mtoto yangu na kunisukumia nyama?

Basi nikafanya jambo ambalo mwalimu hapaswi kufanya. Nilimfundisha herufi za kuchapwa tu, zile za vitabu, kila moja imesimama peke yake. Za kuandika kwa mkono nikaziacha. Naye akaziulizia. Zaidi ya mara moja alifunga kaye na kusema, "Na zile zingine, zenye kushikana mikono, utanifundisha siku gani?"

"Bado, Mama. Hizo ni ngumu. Kwanza tumalize hizi."

"Mwalimu ni we," alisema, na kurudi kwenye sindano yake.

Kiangazi kikaingia, vumbi likajaa kwenye maua ya mashuka yaliyoanikwa. Kuna Jumanne moja ya mwezi wa saba ninayoijua yote. Mchana tulikula samaki wa mukeke wa kuchoma na ndizi. Kisha akachukua karatasi ya sabuni akaanza kuisoma kwa sauti ya imamu, kwa madaha, maneno yote ya kusifia povu na weupe, nami nikaanguka ubavu kwa kicheko. Aliniambia sijawahi kucheka hivyo tangu nifike, na kwamba yeye pia ni siku nyingi. Nimehesabu baadaye, nikahesabu tena, na hesabu hainipi siku nyingine. Ilikuwa Jumanne ileile.

Mvua ziliporudi mwezi wa kumi, msichana mmoja wa Buyenzi aliyekuwa anaolewa alileta shuka na foronya mbili. Alikuwa amechora kwa penseli, kwa mwandiko wa kuunganisha, jina lake na la mchumba wake na maneno marefu ya kuwatakia heri. Kazi kama hiyo Mama Zaituni alikuwa ameifanya maisha yake yote, akifuata mistari ya watu bila kujua inasema nini. Safari hii alimwomba msichana amsomee neno kwa neno, na yeye akafuata kwa kidole. Sikuwepo. Nilikuwa shuleni kwenye mafunzo ya vitendo, na niliporudi sikugundua chochote isipokuwa kwamba kazi ile anaifanya polepole sana. Siku sita alidarizi maneno yale, na kila herufi aliyoitoboa kwa sindano ilimwonyesha inavyoshikana na mwenzake. Alijifundisha mwenyewe kile nilichomnyima.

Siku ya saba nilimkuta ameketi kwenye kiti cha sebuleni, si mkekani kama kawaida yake. Mapajani alikuwa na ile karatasi. Bati la biskuti lilikuwa wazi mezani, na nyuzi zimetolewa zote, zimepangwa kwa rangi.

"Imekunjwa vibaya," alisema. "Mi naikunjaga mara tatu, na tangu tuanze kusoma sijaifungua. We uliikunja mara mbili."

Nilitazama mikunjo ile.

"Tangu siku gani?"

"Mwezi wa nne, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Hakunipigia kelele. Nilitamani apige. Aliinuka, akavaa mtandio wake mzuri, akasema, "Vaa viatu. Kesho ni mbali."

Tulifika Uvira kabla ya alasiri. Njia yote hakuongea, ila alisoma. Kila kibao tulichopita, midomo yake ilitembea. Nyumba ya Mama Feruzi tulielekezwa na muuza samaki, na mlangoni alikuwa ameketi mwanamke wa makamo yangu ya leo, mnene, anachambua lenga-lenga. Mama Zaituni alimsalimia, akasema anamtafuta mtoto wake Yahaya. Yule mwanamke aliacha mboga. Alimtazama kwa muda, kisha akaita ndani, "Anastazia! Njo hapa!"

Msichana aliyetoka alikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano, ameshika sketi ya mama yake. Hakuna aliyehitaji kutuambia. Ni Mama Feruzi, yule wa mlangoni, aliyesema mwishowe Yahaya alivyokufa: homa, siku nne, mwezi wa saba, Jumanne.

Mama Zaituni aliketi chini pale pale, kwenye majani ya mboga. Anastazia alibaki amesimama. Nilidhani atamfukuza, na alikuwa na haki. Aliuliza tu, kwa sauti iliyokauka, "Barua haikufika?"

"Ilifika," Mama Zaituni alisema. "Mi sikujua kusoma."

"Miaka saba?"

"Miaka saba."

"Alisemaga mama yake akisema neno, amelisema," Anastazia alisema. "Kila mutu akitoka Buja, alimuuliza habari ya avenyu yenu. Yako hakuuliza. Aliogopa jibu." Kisha akamsukuma mtoto mbele kidogo. "Huyu ni Mwajuma."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta. Nilingoja Mama Zaituni ageuke, aninyooshee kidole, aseme huyu hapa alijua. Hakugeuka.

Baada ya safari ile alikaa siku kumi na moja bila kuzungumza nami. Sahani yangu aliiweka kama kawaida, imejaa, lakini kando, si kwenye sinia yake. Hakuniita tena mtoto yangu. Siku ya kumi na mbili aliniita kwa jina, "Konsolata," akaweka kaye na biki mezani. "Kusoma nimejua. Sasa nifundishe kuandika." Tulifanya kazi wiki tatu, na safari hii sikuficha herufi hata moja. Barua ya kwanza aliyoandika maishani mwake ilikwenda Uvira na mwanamke mmoja muuza samaki. Nilimwona akiiandika, ulimi nje kwenye pembe ya mdomo, mistari inapanda mlima. "Anastazia, njoo na mtoto. Nyumba ni yenu. Mimi Zaituni." Hakumwomba mtu yeyote aikague.

Walifika kabla ya mwisho wa mwaka, na mzigo wao ulikuwa masanduku mawili. Nilikunja shuka la maua ya zambarau, nikapisha kitanda. Nilipomuaga, Mama Zaituni alinifungia chapati kwenye kitambaa na kusema nije siku ya Idi. Nilikwenda Idi ile, na Idi zote zilizofuata ambazo barabara ziliruhusu kupita, kwa maana kulikuwa na miaka mingine mji huu haukuruhusu.

Hivyo nilimwona akizeeka, na sijui kama neno hilo linafaa, kwa kuwa kila nilipokwenda alikuwa ameongeza kitu. Miwani ilipopatikana akaanza kusoma magazeti. Alipofika sitini alikuwa anawaandikia barua wanawake wa avenyu wasiojua, na alikuwa na masharti mawili: mlango ufungwe, na barua inayofika isomwe siku ileile, hata kama ni mbaya. Wachache aliwafundisha barazani, herufi za aina zote mbili tangu wiki ya kwanza. Katika miaka mibaya, watu walipokuwa wanahama usiku na mchana, nyumba yake ilijaa wakimbizi wa mitaa mingine, na aliandika majina yao kwenye kaye ili ndugu wakija kuwatafuta wawapate. Mwajuma alimfundisha Kifaransa akiwa na sabini na kitu, na bibi yake akawa ananisalimu "Bonjour, Madame" kwa ukali wa mwalimu mkuu. Alimzika rafiki baada ya rafiki. Huzuni yake hakuiweka kando, alitembea nayo, na mimi niliyekuwa na ya kwangu nilikuwa namtazama ili nijue inafanywaje. Nilifundisha, niliolewa, nilifiwa na mume, nilistaafu. Katika darasa langu hakuna mtoto aliyewahi kuuliza jambo nikamwambia bado.

Lakini kila Idi nilikunywa chai yake na sikumwuliza kama amenisamehe. Yeye pia hakusema. Nilichukulia kunyamaza kwake kuwa ndilo jibu, nikaondoka, nikarudi mwaka uliofuata.

Tulizika saa kumi, wanaume wakaenda makaburini, sisi wanawake tukabaki parselini, uani kwake, kwenye mikeka. Mwajuma, ambaye sasa ana miaka hamsini, alikuja kuketi nami kidogo. "Juzi alikutaja," alisema. "Alisema, yule mwalimu kuna kitu hajaniuliza. Nikamwambia nikuite. Akasema apana, aje mwenyewe. Ni kitu gani, Tantine?"

Nilimwambia sijui, na hapohapo nikaona nimedanganya tena, katika nyumba ileile, karibu na dirisha lilelile. Anastazia alikuwa mkeka wa tatu, ameegemea ukuta, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, aliyenipa mkono kwa furaha kila Idi kwa miaka arobaini na minne. Nilikuwa nimeanza kuelewa tangu zamani, na sasa nilielewa kabisa, kwamba Mama Zaituni hakuwahi kumwambia. Nilijikokota hadi kwake, nikaketi.

"Anastazia," nilisema, "ile barua ya Yahaya mimi niliisoma mwezi wa nne. Nilijua aliko. Sikumwambia mama yake, na nikamficha herufi asiweze kuisoma."

Wanawake wa karibu walikuwa wanasoma dua, sauti zao zinapanda na kushuka. Anastazia alikuwa anatazama mikono yake.

"Mwezi wa nne," alisema, "alikuwa bado anatembea."

"Ndiyo."

"Alikuwa anaenda soko mwenyewe. Anarudi na mukate."

Aliletewa chai, akainywa yote, akaweka kikombe chini. Sikuinuka. Nilikaa hapo ubavuni mwake mpaka wanaume wakarudi kutoka makaburini na dua ya mwisho ikasomwa, na hakuniambia niondoke.